Pipa la Alhamisi

Maji huja Alhamisi, usiku wa manane,
yakikohoa bombani kama mzee aliyeamshwa.
Kayole nzima tunaamka. Tunajaza pipa, ndoo,
madebe ya rangi, beseni la marehemu mama,
kisha tunarudi kulala tukiwa matajiri.

Humo, ndani ya utajiri wetu,
yeye hutaga.

Wa usiku nawajua, wale wa kuimba sikioni;
kwa ajili yao nimetundika chandarua.
Huyu ni wa mchana, hana wimbo,
amevaa soksi za mistari myeupe.
Mimi juu ya cherehani napiga pindo za sketi za shule,
yeye chini ya meza anadunga kifundo cha mguu.
Mafundi wawili, sindano mbili, chumba kimoja.

Miaka kumi na minne ninaishi na mpangaji damuni.
Saa tatu usiku simu inalia, nammezea kidonge,
naye analala. Makubaliano yetu ni hayo.
Sijachelewesha kodi,
ila siku ya mazishi ya Mbithe. Saa mbili tu,
na machozi ya siku ile sikujua yalikuwa ya nani.

Basi homa iliponishika Jumatatu
nilijua: ameamka.
Macho yaliuma kwa nyuma, kana kwamba yanasukumwa na vidole.
Mkasi ukanitoka mkononi,
nikautazama sakafuni kama kitu cha mtu mwingine.
Kerubo wa mlango wa pili alileta uji,
akasimama hatua moja mbali zaidi ya juzi.
Hatua ile iliniuma kuliko magoti.

Nikamwaga vidonge kitandani, nikahesabu.
Kumi na saba. Kalenda nayo ikasema kumi na saba.
Nikahesabu tena, nikitafuta kosa langu,
maana kosa langu ningelielewa.

Kliniki, Nyariki alinichoma kidole: malaria hakuna.
Akajaza chupa tatu za damu. Akasema,
"Tusimhukumu mzee wako kabla ya kusikiliza kesi."

Siku nne.

Jibu la kwanza: yule wa zamani haonekani,
amelala fofofo nilipomwacha.
Jibu la pili: kuna mgeni.
"Kidingapopo," akasema, na jina lile
nililisikia mara ya mwisho kwa shangazi aliyeolewa Tudor,
nikadhani ni zimwi la kutishia watoto.
"Si ugonjwa wa Pwani huo?"
"Nao umekata tiketi."

Dawa yake hakuna. Maji mengi, kupumzika,
panadoli, aspirini marufuku,
na cha saa tatu usikiache.
Nikamuuliza: hawa wawili wakikutana mle ndani,
watapigana, au watashikana mikono?
Akafungua mdomo, akaufunga,
akaandika tarehe ya kurudi.

Nje, kwenye benchi, nilicheka.
Mungu anisamehe, nilicheka nimeshika mbavu
kwa raha ya kuugua kitu
ambacho hata padri anaweza kuugua.

Nilimwage pipa? Leo ni Jumapili.
Anayesema mwaga hajui Alhamisi iko mbali kiasi gani.
Nimekata kitambaa cha sketi, kijani cha shule ya msingi,
nikatia lastiki, pipa likavaa.
Kisha la Kerubo. Kisha la bwana wa ghorofa ya tatu
asiyeitikia salamu.
Vidole bado vigumu, mshono umekwenda upande.
Kerubo akaja kushika lastiki upande wa pili,
akavuta, ikamponyoka, ikanipiga kidoleni,
akasema pole bila kurudi nyuma.

Saa tatu. Simu inalia.
Mezani kidonge, na glasi ya maji ya Alhamisi.
Ukutani, taratibu, soksi za mistari zinapanda;
hazijui nani ni nani.